Mistari Minne Kwenye Udongo Mbichi

Nina umri wa miaka ishirini na saba, sijaoa. Naishi chumba kimoja hapa Chekereni, chini kabisa ya Moshi, kwenye mashamba ya mpunga. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kulimia na za kukoboa. Asubuhi nikifungua mlango nauona mlima wote, na theluji yake, na najua pale juu kuna boma moja ambalo sitakanyaga tena.

Nawaandikia ninyi kwa sababu hapa sina wa kumweleza. Wanaoijua habari hii hawasemi nami... Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la miwa. Wazazi wangu walitoka Singida. Baba alipofariki, mama alirudi kwao na wadogo zangu, mimi nikabaki kwa kuwa nilikuwa nimeshapenda magari kuliko akili yangu. Fundi mmoja wa Rau, Mzee Saidi, alinipokea gerejini kwake, akanifundisha kazi mpaka nikawa fundi kamili.

Nilikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo! Kwenye daftari langu nilikuwa nimeshachora kibao cha gereji yangu mwenyewe, na spana mbili zilizopishana, na maandishi mekundu. Ilikosekana gereji tu.

Kitu kimoja ndicho kilikuwa kinanishinda. Krismasi. Wenyeji wa Moshi mnajua, ikifika Desemba kila Mchagga anapanda kwao. Wanatoka Dar, Arusha, Nairobi, wote wanakwenda migombani kwa wazazi wao. Mjini tunabaki sisi tusio na mlima. Barabara zinakuwa kimya hadi unasikia nyayo zako. Miaka mitano mfululizo nilikula Krismasi gerejini, mkate na chai ya rangi, nikiyasalimia magari yaliyobaki kama vile ni ndugu zangu. Nilikuwa najichekesha, lakini mtu anaweza kujichekesha kwa muda gani?

Sasa sikilizeni.

Mwezi wa Novemba, Baba Prosper, mkulima wa kahawa wa Uru, aliligonga pikapu lake kwenye ukingo wa daraja akimkwepa ng'ombe. Kona ya mbele kushoto ilirudi nyuma yote. Lilivutwa hadi gerejini kwetu. Alikuja nalo mwanawe mkubwa, Prosper, kijana wa rika langu aliyekuwa akiliendesha kupeleka maziwa na ndizi mjini. Alikuja pia binti yake, Epifania.

Epifania alinitazama nikilala chini ya gari, akasema, "Wewe unayenyoosha magari, mbona meno yako hujayanyoosha?"

Nikamjibu, "Nasubiri spea."

Akacheka mpaka akashika mlango. Enzi zenyewe spea zilikuwa hazipatikani, unaandikiwa jina, unasubiri mwaka, unaambiwa rudi mwezi ujao. Kuanzia siku hiyo Prosper alishinda gerejini akitusaidia, na yeye ndiye aliyekuwa akimletea kaka yake chakula, na kila mara sufuria ya mtori ilikuwa kubwa kuliko tumbo la Prosper. Mimi na Prosper tukawa marafiki. Mimi na Epifania... tukawa zaidi ya hapo.

Niwaeleze kidogo kuhusu gari lile, maana bila hivyo hamtaelewa kosa langu. Chasisi ni mifupa ya gari. Vyuma viwili virefu vinakwenda toka mbele hadi nyuma, na vingine vinavishika kwa katikati, kama ngazi. Gari likipigwa kona moja, ile ngazi inakwenda mshazari. Ukiitazama kwa macho unaweza usione kitu. Kwa hiyo Mzee Saidi alikuwa hatazami, alikuwa anapima. Anateremsha timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kwenye kila tundu la chasisi, anaweka alama ya chaki sakafuni, kisha anavuta kamba toka kona hii hadi ile, na toka ile hadi hii, kama msalaba. Kamba zikilingana, mifupa imenyooka. Zisipolingana, unafunga mnyororo kwenye mti, unapasha chuma moto, unavuta kwa winchi, unapima tena. Kazi ya wiki nyingi.

Alinifundisha na kipimo kingine, alichokiita kipimo cha maskini. Endesha gari moja kwa moja juu ya udongo mbichi, halafu shuka uangalie nyuma. Gari zima linaacha mistari miwili, maana magurudumu ya nyuma yanakanyaga palepale yalipopita ya mbele. Ukiona mistari minne, bado.

"Hilo linatembea kiubavu kama mbwa," aliniambia. "Tofauti yake ni kwamba mbwa akiteleza ana miguu minne ya kujishika. Wewe una breki tu."

Katikati ya Desemba Mzee Saidi alipata taarifa ya msiba wa dada yake huko Tanga. Alipokuwa anafunga mzigo wake aliniachia kamba ile ya kupimia, akaniambia, "Daudi, vuta taratibu. Gari hilo lisitoke mpaka nirudi nilipime mwenyewe."

Nikasema, "Sawa, mzee."

Siku tatu baadaye Baba Prosper alishuka mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa juu ya tairi, akaniangalia kwa muda mrefu. "Wewe," akasema, "nimesikia habari zako na huyu binti. Ndugu zangu wanasema, utamwozaje kwa chasaka?" Chasaka ni jina wanalotuita sisi tusio wa mlimani. "Mimi sina ugomvi na mtu anayefanya kazi. Niletee gari langu nyumbani kabla ya Krismasi. Siku hiyo utakaa, utakunywa, tutasikia una neno gani."

Wasomaji, mnaelewa alichoniambia? Alinipa Krismasi! Alinipa mlima!

Nilivuta chasisi ile kama mtu anayekimbizwa. Mnyororo kwenye mti wa mjohoro, gesi, winchi, jasho. Prosper alinisaidia kuzungusha winchi huku akiniita shemeji kwa utani, na mimi nikijifanya sijasikia ili aseme tena.

Jumamosi, siku moja kabla ya Krismasi, nilipima msalaba. Kamba moja ilizidi nyingine kwa vidole vitatu.

Vidole vitatu! Nilihitaji wiki nyingine. Na kesho yake ilikuwa Jumapili, na mnakumbuka ile amri ya kubana mafuta, Jumapili baada ya saa nane gari la binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani. Ilikuwa leo, au basi.

Nilichofanya ni hiki. Nililala chini ya gari nikachezea tairodi, vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele, mpaka usukani ukakaa katikati. Mtu akiendesha ataona linakwenda sawa. Kisha nikapaka chasisi yote rangi nyeusi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ua wa gereji ulikuwa umelowa. Nikaliwasha, nikaliendesha moja kwa moja hadi getini, nikashuka, nikageuka.

Mistari minne.

Niliitazama... sijui kwa muda gani. Nikasikia Prosper anakuja, anapiga mluzi, amevaa shati jeupe la safari. Nikachukua ufagio uliokuwa umeegemea ukuta, nikaifuta. Nilifagia ua wote kama mtu anayefanya usafi wa sikukuu.

Prosper akasema, "Ee shemeji, unafagia mpaka matope? Umeshaanza kujipendekeza kwa mama yangu kabla hujafika?"

Tulicheka wote wawili.

Tulipanda Uru polepole, Prosper akiendesha. Bomani walitupokea kwa vigelegele. Mama Prosper, mama mpole ajabu, alinishika mikono yote miwili akaniita mwanangu. Siku ya Krismasi tulitoka kanisani, mbuzi akachinjwa, na Baba Prosper mwenyewe akakata nyama ya kila mtu kwa cheo chake, kama ilivyo desturi yao. Kila mtu wa ukoo alikuwa na kipande chake kinachojulikana. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye gogo, nikijiandaa kushukuru hata kwa mchuzi. Akaniita kwa jina. Akanikatia ubavu, akanipa mkononi mbele ya ndugu zake wote, pamoja na wale walioniita chasaka.

Sikuwahi kuwa na kipande changu popote. Niliila nyama ile nikitazama chini ili wasione macho yangu. Na pikapu lilikuwa limeegeshwa pale pale, linang'aa rangi nyeusi chini.

Ningeweza kusema siku ile. Ningesema tu, mzee, gari lisitembee mpaka Mzee Saidi arudi. Ni maneno ya kumaliza kwa pumzi moja. Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilikuwa nimeshika ubavu.

Nilirudi Rau Jumatatu mchana kwa miguu, nikiimba njia nzima. Siku tatu baadaye, asubuhi ya mvua, Prosper alimchukua mama yake kumteremsha sokoni. Kwenye kona ya mteremko, karibu na kisima, kuku walikatiza, akakanyaga breki. Nyuma ya gari ikateleza ikatangulia mbele. Waliangukia korongoni kwenye migomba. Prosper alichubuka. Mama Prosper alivunjika nyonga.

Habari iliponifikia gerejini nilikimbia kupanda. Nilipofika walikuwa wameshampeleka hospitali, na watu wamejaa barabarani wanaangalia matope. Nami nikaangalia. Mistari minne, kuanzia juu kabisa ya mteremko hadi ukingoni. Mvua ilikuwa imepungua ili ituonyeshe vizuri.

Mzee mmoja wa ukoo alielekeza fimbo yake. "Oneni. Oneni alivyokuwa anayumba. Huku na huku, huku na huku. Huyu mtoto alikuwa amelewa."

Kweli asubuhi ile Prosper alikuwa amekunywa kata moja ya mbege, pombe ya ndizi iliyobaki ya sikukuu. Kata moja! Mtoto wa Kichagga hata hahesabu. Lakini alama zilikuwepo, na katika watu wote waliosimama pale, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuzisoma. Alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mfukoni. Alinyamaza.

Mama Prosper alitoka hospitali na magongo mawili. Hawezi tena kukata majani ya ng'ombe, hawezi kushuka kwenye migomba yake. Baba Prosper aliita ukoo. Akasema mbele yao kwamba mtoto aliyemlemaza mama yake kwa pombe hatarithi kihamba, shamba la migomba la ukoo, wala asilale tena kwenye boma lile.

Mnajua Prosper alikwenda wapi? Alikuja kwangu. Alikuja Rau na mfuko mmoja wa nguo, akasema, "Ndugu yangu, sina pengine."

Miaka yote nilikuwa nikiomba nipate mtu wa kuzungumza naye chumbani, na sasa nilikuwa naye, na sikuweza kumtazama usoni. Tulilala kitanda kimoja miezi mitatu. Nilikuwa na mwenzangu hapo hapo, bega kwa bega, na sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile. Mzee Saidi aliporudi toka Tanga aliniuliza swali moja, "Ulipima msalaba?" Nikasema nilipima. "Ukalingana?" Nikasema ulilingana. Akaniamini, akaendelea na kazi yake. Epifania aliniletea ujumbe kwamba baba yake bado ananikumbuka vizuri, nivumilie tu mpaka huzuni ipungue. Hata hilo nilifurahia... Mungu anisamehe, nilifurahia.

Siku moja tukinywa uji, Prosper akasema taratibu, "Unajua, Daudi, nimefikiri sana. Nadhani kweli nilikuwa nimelewa. Sikumbuki kulewa, lakini labda ndivyo pombe inavyofanya."

Nikaweka kikombe chini. Alikuwa ameanza kuamini uongo wangu dhidi ya nafsi yake.

Akaenda kwenye mfuko wake, akatoa jani la sale. Kwa wasiojua, sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekosa akitaka kuombewa msamaha, hupeleka jani lake limefungwa fundo, kwa mkono wa mtu mwingine. Aliyeletewa hawezi kukataa. Hata kama ni damu, akilipokea imekwisha.

"Baba anakuheshimu," Prosper akaniambia. "Ndugu zangu wote nimewaomba, wanaogopa. Nipelekee wewe. Mwambie mwanao amekosa, anaomba arudi amhudumie mama yake."

Mimi chasaka nimepewa kubeba sale la mtoto wa boma. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Na nilikuwa nabeba msamaha wa kosa langu, kwa jina la mtu mwingine.

Nilipanda Uru kwa miguu, jani kifuani ndani ya shati. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mwanao amekosa. Basi. Ningesema hayo, Prosper angesamehewa, angerudi nyumbani, mimi ningemwoa Epifania, kila mtu angepata chake. Kwani kungeharibika nini? Nawauliza kwa dhati, maana nilijiuliza hivyo kila hatua.

Baba Prosper alikuwa amekaa nje akimenya ndizi. Anamenya ndizi, wasomaji! Mwanaume wa umri wake, kazi ya mke wake. Mama Prosper alikuwa ameketi kwenye kigoda, magongo yameegemea ukuta, anamwelekeza. Aliponiona uso wake uliwaka. "Mwanangu huyo. Karibu, baba. Epifania, mletee kiti."

Nikatoa sale. Baba Prosper akaliona, akaacha kisu. Akanyoosha mikono yote miwili alipokee. Alikuwa amelingoja jani lile kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Nikasema, "Mzee, mwanao..."

Nikashindwa. Nilipiga magoti palepale nje, kwenye majivu yaliyotupwa kutoka jikoni, nikasema, "Mzee, mwanao hajakosa. Sale hili ni langu."

Nikawaeleza yote. Vidole vitatu, tairodi, rangi, ufagio. Niliwaeleza kwamba alama zile za barabarani hazikuwa za mlevi, zilikuwa za gari lililopinda mifupa, na fundi wake ni mimi. Epifania alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi. Hakukiweka chini.

Baba Prosper aligeuka akatazama magongo ya mke wake. Kisha akasema, "Mwanangu nilimfukuza mimi. Kwa mdomo wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja, unamtazama."

Nikamnyooshea sale kwa mikono miwili.

Alilichukua sale. Akalifungua fundo polepole, akaliweka juu ya magoti yake. "Sale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Mama Prosper?" Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. "Na mama amekusamehe. Hatutakushtaki popote, hatutakulaani. Sasa inuka uende. Na usirudi hapa."

Sikujua kwamba mtu anaweza kusamehewa na kufukuzwa kwa pumzi moja. Nilipofika njiani niligeuka. Epifania alikuwa bado mlangoni na kile kiti.

Usiku ule nililala gerejini, maana sikuthubutu kumkabili Prosper chumbani. Prosper alifuatwa na baba yake mwenyewe siku iliyofuata. Nilikuwa gerejini. Niliporudi jioni nilikuta nguo zake hazipo, ufunguo uko kwa jirani, na chumba kimefagiwa vizuri. Hakuacha neno. Kilichobaki ni sakafu safi tu.

Mzee Saidi nilimwambia mwenyewe. Hakunigombeza. Aliomba tu kamba yake, nikampa, akaizungusha mkononi, akaitia mfukoni. Nilielewa. Ndipo nikateremka huku Chekereni.

Sasa ni miaka minne. Nasikia Prosper amerithi kihamba chake. Nasikia Epifania ameolewa Kibosho. Mama Prosper hajapona na hatapona. Wakati wa Krismasi watu wa huku nao wanapanda, na mimi nabaki na vyura wa mashamba ya mpunga. Wanaimba vizuri, siwadharau. Hata kibao changu cha spana mbili bado ninacho kwenye daftari, na siku moja nitakitundika, mtaona.

Lakini kila mashine ninayomaliza naipitisha kwenye udongo mbichi, hata trela la kubebea mpunga, naisukuma kwa mikono yangu, kisha nageuka kutazama nyuma. Wateja wananicheka, wanasema fundi huyu anatafuta nini matopeni. Siwaambii.

Ninyi nawaambia. Wewe fundi, wewe karani, wewe dereva, wewe uliyependa na unaharakishwa na furaha... ukigeuka ukaona alama zako hazijakaa sawa, nakuomba kama mtu anayemwomba ndugu yake, usiguse ufagio. Simama pale pale uite watu waje waone. Watakukasirikia. Pengine utakosa kipande chako cha nyama mwaka huo. Mimi nilikipata changu, nikakila chote, na tangu siku ile nakula peke yangu.